Silaha za Atomi za Uingereza: Sehemu Zake Nne, na Mafunzo Yake kwa Pwani Yetu

Watu wa Malindi na Kilifi wana sababu mbili za kutaka kujua habari za atomi na maroketi kuliko watu wa mahali pengi. Sababu ya kwanza iko baharini, mbele ya Ngomeni, katika Ghuba ya Ungwana. Hapo yamesimama majukwaa ya chuma ambayo Waitalia waliyatumia kurusha maroketi tangu mwaka 1964 mpaka 1988. Sababu ya pili iko Uyombo, kati ya Watamu na Kilifi. Hapo serikali ya Kenya ilichagua pajengwe mtambo wa umeme utakaoendeshwa kwa nguvu za atomi, ambazo siku hizi huitwa nyuklia, na mwaka 2024 wenyeji waliandamana kuupinga.

Neno atomi likitajwa, mtu hukumbuka mara moja mji wa Hiroshima, ulioangamizwa kwa bomu moja tarehe 6 Agosti 1945. Kwa hiyo ni rahisi kwa roketi, mtambo wa umeme na bomu kuchanganywa pamoja katika maongezi ya barazani, kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Wala si vitu visivyojuana kabisa. Katika somo hili tutaeleza jinsi nguvu za silaha za atomi za nchi moja zilivyoundwa, na jinsi zinavyofanywa upya, ili msomaji apate kipimo cha kupimia yale yaliyo karibu naye.

Nchi tutakayoitumia kwa mfano ni Uingereza. Nchi zenye silaha hizi ni tisa, nazo kwa jumla zina mabomu zaidi ya 12,000. Karibu tisa katika kila kumi ni ya Marekani na Urusi. Akiba ya Uingereza ni ndogo ikilinganishwa na hizo, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuieleza. Tena, kama tutakavyoona, Waingereza nao waliwahi kupeleka chombo chao angani kutoka bahari yetu.

SEHEMU NNE ZA NGUVU HIZO

Watu wengi hudhani kwamba nchi ikiwa na bomu, basi imekwisha kuwa na nguvu za atomi. Sivyo. Zahitajiwa sehemu nne: bomu lenyewe, chombo cha kulichukua, maficho ya chombo hicho, na watu wenye amri. Ikikosekana mojawapo, zilizobaki hazitoshi.

1. Bomu lenyewe. Bomu hutengenezwa kwa urani au kwa plutoni. Urani huchimbwa ardhini kama madini mengine. Na ile iliyotumiwa katika bomu la Hiroshima kwa sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, katika nchi ya Katanga huko Kongo. Lakini urani inayotoka ardhini haiwezi kulipuka. Katika kila chembe 1,000 za urani hiyo, ni kama chembe 7 tu zinazopasuka kwa urahisi na kutoa nguvu. Kazi kubwa na ya gharama ni kuzitenga hizo chembe chache kutoka katika zile nyingi.

Mfano wake ni kama tui la nazi. Kuna tui jepesi, na kuna kasimele. Vyote viwili hutoka katika nazi ile ile, lakini hapana mpishi asiyejua tofauti yake. Mitambo mingi ya umeme hutumia urani ambayo katika kila sehemu 100, sehemu 3 mpaka 5 ndizo zile zipasukazo kwa urahisi. Bomu huhitaji karibu sehemu 90.

Uingereza ililipua bomu lake la kwanza la kujaribia tarehe 3 Oktoba 1952 katika visiwa vya Monte Bello, upande wa magharibi wa Australia. Miaka ya 1957 na 1958 ikajaribu mabomu ya haidrojeni, yenye nguvu kubwa zaidi, katika bahari ya Pasifiki. Mabomu yake hutengenezwa Aldermaston na Burghfield, karibu na mji wa Reading. Mwaka 2021 serikali yake ilitangaza kwamba idadi isizidi 260. Kabla ya hapo mpango ulikuwa ni kuyapunguza mpaka 180.

2. Chombo cha kuchukulia. Hapo kwanza chombo kilikuwa ndege. Uingereza iliunda ndege za aina tatu kwa kazi hiyo, nazo ziliitwa Valiant, Vulcan na Victor. Lakini ndege huonekana kutoka mbali, na kadiri makombora ya kutungulia ndege yalivyozidi kuwa mazuri, ndivyo rubani alivyozidi kupungukiwa na tumaini la kufika. Kwa ajili hiyo, mwezi wa Desemba 1962, Waziri Mkuu Bwana Harold Macmillan alikutana na Rais John Kennedy wa Marekani huko Nassau, katika visiwa vya Bahamas. Wakapatana kwamba Marekani itaiuzia Uingereza makombora yaitwayo Polaris, na Uingereza itatia juu yake mabomu yake yenyewe.

Polaris lilikuwa na sifa moja kubwa. Fueli yake haikuwa ya maji, bali ngumu, iliyokwisha kushindiliwa ndani kama baruti katika fataki. Fueli ya maji aghalabu hujazwa karibu na wakati wa kurusha, na huo ni muda wa kuonekana na adui. Kombora la fueli ngumu laweza kukaa miaka likiwa tayari. Tangu mwaka 1994 Uingereza ilianza kutumia kombora kubwa zaidi liitwalo Trident, nalo vilevile lilitoka Marekani. Urefu wake ni mita 13 na zaidi kidogo, na laweza kufika zaidi ya kilomita 7,000, yaani takriban umbali wa kutoka Malindi mpaka London. Bomu la mwisho la kuchukuliwa na ndege za Uingereza liliondolewa mwaka 1998.

3. Maficho. Kombora lililo mahali panapojulikana laweza kuvunjwa kabla halijaruka. Kwa hiyo Waingereza walitia makombora yao katika nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji. Ziko nne: Vanguard, Victorious, Vigilant na Vengeance. Kila moja ina urefu wa karibu mita 150 na watu kama 130, na bandari yake ni Faslane, katika Scotland. Hazichomi makaa wala dizeli katika safari zake. Kila moja ina tanuri la atomi ndani yake, nalo huiendesha bila kuhitaji hewa ya juu.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini ziwe nne? Jibu atalijua kila mwenye mashua. Mashua moja iko baharini; nyingine imetoka safari na watu wake wamechoka; nyingine imepandishwa pwani inatiwa kalafati; na nyingine inatengenezwa tayari kwa kutoka. Mwenye mbili tu, iko siku atakosa chombo. Tangu mwezi wa Aprili 1969 haikupita siku hata moja ambayo Uingereza haikuwa na angalau nyambizi moja iliyofichwa baharini na makombora yake.

4. Watu na amri. Wa nne ndiye aliye mzito kuliko wote. Katika Uingereza, Waziri Mkuu peke yake ndiye awezaye kuruhusu silaha hizi zitumiwe. Kila aingiapo Waziri Mkuu mpya, huandika kwa mkono wake barua nne, moja kwa kila nyambizi, kumwambia nahodha afanye nini ikiwa nchi imeangamizwa na hakuna tena serikali ya kumwongoza. Barua hizo hufungiwa katika sanduku la chuma ndani ya nyambizi. Waziri Mkuu akiondoka, huharibiwa bila kusomwa.

JINSI ZINAVYOFANYWA UPYA

Chuma huliwa na bahari, na chombo cha baharini kina umri wake. Nyambizi za Vanguard zilikusudiwa kutumika miaka 25. Sasa zimelazimishwa kutumika zaidi ya miaka 30. Matengenezo yake yamekuwa marefu, na kwa kuwa zilizo tayari ni chache, safari moja siku hizi imepata kuchukua zaidi ya miezi mitano, watu wakiwa chini ya maji bila kuona jua.

Tarehe 18 Julai 2016 Bunge la Uingereza liliamua kwa kura 472 kwa 117 kwamba zijengwe nyambizi nne mpya. Hizo ni za aina ya Dreadnought, na zatarajiwa kuanza kazi katika miaka ya mwanzo ya 2030. Gharama iliyokadiriwa ni pauni bilioni 31, pamoja na akiba ya bilioni 10. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba bomu jipya pia litatengenezwa, nalo limepewa jina la Astraea. Mwezi wa Juni 2025 serikali ikasema itanunua ndege 12 za aina ya F-35A, ziweze kuchukua mabomu ya Marekani katika umoja wa ulinzi wa NATO. Hivyo kazi ya atomi iliyotoka katika ndege mwaka 1998 inarudishwa tena.

Wala pesa peke yake hazileti uhakika. Mwezi wa Januari 2024 nyambizi Vanguard ilirusha kombora la Trident kwa kujaribu, lisilo na bomu, karibu na Florida. Likaanguka baharini si mbali na hapo lilipotoka.

Jambo moja la uamuzi wa mwaka 2016 lafaa kukumbukwa na watu wa Kilifi. Silaha hizi ni za nchi nzima, lakini makazi yake yako Scotland. Katika wabunge 59 wa Scotland, 58 walipiga kura ya kukataa. Walishindwa kwa idadi, na kazi ikaendelea. Swali la nani aamue na nani aubebe mzigo si swali la Afrika peke yake.

NGOMENI: CHOMBO KISICHO NA BOMU

Sasa na tukirudishe kipimo chetu nyumbani. Mwaka 1962 Italia na Marekani zilipatana kusaidiana katika kazi ya angani, na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma akaichagua bahari ya Malindi. Sababu yake ilikuwa ya hesabu. Dunia huzunguka, na mahali panapokwenda mbio zaidi ni kwenye ikweta, ambako ardhi husafiri kuelekea mashariki kwa mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki huanza safari ikiwa imekwisha kupewa mwendo huo bure, nayo ina bahari tupu mbele yake.

Mwaka 1964 yalirushwa maroketi madogo. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi ya Marekani iitwayo Scout ilichukua setelaiti ya Kiitalia, San Marco 2, mpaka ikazunguka dunia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, setelaiti ya Marekani iliyorushwa hapo ilipewa jina la Uhuru. Nayo ilichora ramani ya nyota zitoazo mionzi ya eksirei. Tarehe 15 Oktoba 1974 ikafuata Ariel 5, setelaiti ya Waingereza wenyewe, kwa utafiti wa namna ile ile. Kwa jumla Scout tisa zilipeleka setelaiti angani kutoka hapo, na ya mwisho iliruka tarehe 25 Machi 1988.

Je, Scout ilikuwa na udugu wo wote na makombora ya vita? Ndiyo, tena wa karibu. Ilikuwa na sehemu nne zilizopandana, zote za fueli ngumu. Sehemu ya chini ilitokana na kazi ile ile iliyozaa Polaris. Na ya pili ilitokana na kombora la jeshi la Marekani liitwalo Sergeant. Moto uliosikika Ngomeni mwaka 1967 ulikuwa wa ukoo mmoja na ule uliotiwa katika nyambizi za Uingereza mwaka 1968.

Lakini zipime zile sehemu nne. Bomu halikuwako, juu ya roketi palikuwa na vyombo vya kupimia hewa na nyota. Maficho hayakuwako, jukwaa laonekana na kila mvuvi. Hata njia yake ilikuwa mbali: kombora hupanda na kushuka juu ya shabaha, lakini setelaiti husukumwa mpaka ifikie mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa, ibaki juu ikizunguka. Katika zile nne, Ngomeni ilikuwa na moja tu, yaani chombo.

Hata hivyo, haifai kusema kwamba chombo pekee hakina neno. Ajuaye kutengeneza roketi ya fueli ngumu amekwisha kujifunza sehemu kubwa ya kazi ya kombora. Italia yenyewe ilijaribu kombora lake liitwalo Alfa huko Sardinia, wala si hapa, mwaka 1975 na 1976, kisha ikaliacha. Katika mwaka ule ule wa 1975 ilikuwa imethibitisha mapatano ya kutotengeneza silaha za atomi. Kilichoizuia nchi isiunganishe chombo na bomu hakikuwa ujinga wa ufundi, bali ahadi iliyowekwa mbele ya mataifa.

UYOMBO: TANURI LISILO NA BOMU

Mpango wa Kenya ulikuwa wa mtambo wa megawati 1,000, chini ya idara ya serikali ya nguvu za nyuklia iliyowekwa na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Uyombo iko karibu na hori ya Mida yenye mikoko, karibu na bustani ya bahari ya Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Baada ya upinzani wa wenyeji, mwaka 2025 maongezi ya serikali yalielekea Siaya, penye Ziwa Victoria.

Tukiupima mtambo wa namna hiyo kwa sehemu zetu nne, twaona kwamba hauna chombo, hauna maficho, na urani yake ni tui jepesi, wala si kasimele. Haiwezekani ilipuke kama bomu la Hiroshima. Lakini pana jambo moja lisilofaa kufichwa. Urani iliyokwisha kutumiwa katika tanuri huwa na plutoni ndani yake, na plutoni ikitengwa kwa ufundi mkubwa yaweza kutiwa katika bomu. Kwa hiyo kila fimbo ya urani huhesabiwa, hutiwa muhuri, na hukaguliwa na wajumbe wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomi, lenye makao yake Vienna. Kenya iliingia katika mapatano ya ukaguzi huo mwaka 2009.

Tena, kusema kwamba mtambo si bomu hakujibu maswali mengine ya wenyeji. Maji ya moto yatakayorudishwa baharini yatafanya nini kwa samaki na matumbawe? Takataka zenye sumu ya mionzi zitawekwa wapi, na kwa miaka mingapi? Mwenye shamba atalipwa nini? Ajali ikitokea, watu watahamishwa kwa njia gani? Hayo ni maswali ya haki, na yanastahili majibu yake yenyewe. Mtu akiyachanganya na hofu ya bomu, humpa mjibuji nafasi ya kujibu lile jepesi na kuliacha lile zito.

AHADI NA WALINZI WAKE

Afrika imekwisha kuweka ahadi yake. Mapatano ya Pelindaba yalitiwa sahihi Cairo tarehe 11 Aprili 1996, na yakaanza kutumika tarehe 15 Julai 2009. Yanakataza nchi za Afrika kutengeneza silaha za atomi, kuziweka au kuzijaribu. Pelindaba ni mahali katika Afrika Kusini, nchi iliyotengeneza mabomu sita, kisha ikayavunja yote. Jambo hilo lilitangazwa na Rais F. W. de Klerk mwaka 1993. Kenya ni mwanachama wa mapatano hayo.

Ahadi huhitaji masikio. Huko Kilimambogo, karibu na Thika, kipo chombo kisikiacho mitikisiko ya ardhi, na Nairobi kipo kingine kisikiacho sauti za chini sana zipitazo hewani. Vyote viwili vimo katika mtandao wa dunia nzima uliowekwa ili mtu akilipua bomu la atomi kwa siri, mlipuko wake ujulikane.

Basi msomaji akisikia habari za chombo cho chote cha namna hii, kiwe cha Ngomeni, cha Uyombo au cha Faslane, na aulize maswali matatu. Kwanza, katika zile sehemu nne, hapa ziko ngapi? Pili, ni nani anayehesabu na kukagua? Tatu, ni nani aliyeulizwa kabla, na ni nani atakayebeba madhara? Akipata majibu ya matatu hayo, hatatishwa na uvumi, wala hatalazwa kwa maneno matamu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja sehemu nne za nguvu za silaha za atomi. Ni ipi iliyokuwako Ngomeni?
2. Kwa nini Uingereza huhitaji nyambizi nne ili moja iwe baharini daima?
3. Eleza tofauti ya urani ya mtambo wa umeme na urani ya bomu.
4. Kwa nini urani iliyokwisha kutumiwa lazima ihesabiwe?
5. Linganisha kura za wabunge wa Scotland mwaka 2016 na habari za Uyombo. Ni wapi zinafanana, na ni wapi zinaachana?